Hisa zenye gawio kubwa: Je, zinamfaa mwekezaji wa muda mrefu?

Hivi karibuni, baada ya swala ya Alasiri, mzee mmoja mstaafu alinifuata akiwa na gazeti lenye bei za hisa. Akanionesha kampuni moja. "Mwalimu, gawio la hii ni asilimia 12. Nataka niweke humu kiinua mgongo changu chote, nile gawio mpaka mwisho wa uhai wangu. Si halali?"

Nilimwambia kuwa hapo pana maswali mawili, la uhalali na la usalama, na jibu la kwanza linasaidia kulijibu la pili.

Mwenye hisa ni mbia, si mkopeshaji. Kampuni ikipata faida naye hupata, ikipata hasara naye huumia. Hiyo ndiyo tofauti ya gawio na riba, kwani mla riba huhakikishiwa nyongeza yake tangu mwanzo. Kwa hiyo, jambo lile lile linalolihalalisha gawio ndilo linalolinyima dhamana. Anayelihesabu kama mshahara amesahau kuwa yeye ni mbia.

Sasa tujiulize, asilimia 12 imetoka wapi? Ni gawio likigawanywa kwa bei ya hisa. Hisa ya shilingi 1,000 ikitoa gawio la shilingi 60, hiyo ni asilimia 6. Bei ikianguka hadi shilingi 500, asilimia inakuwa 12, ilhali gawio ni lile lile la mwaka uliopita. Na aghalabu bei huanguka kwa sababu wenye hisa wameona hatari, wanakimbia.

Mfano upo jirani. Kampuni ya sukari ya Mumias, Kenya, iliingia soko la hisa la Nairobi mwaka 2001, ikawa inatoa gawio na kupendwa na wengi. Baadaye ikaelemewa na hasara na madeni, na mwaka 2019 ikawekwa chini ya meneja mfilisi. Waliotegemea gawio lake walikosa gawio na mtaji pia.

Basi mwekezaji wa muda mrefu atazame mambo matatu.

Kwanza, biashara yenyewe. Katika soko la Dar es Salaam, lililoanza kuuza hisa mwaka 1998, kampuni za bia na sigara zimekuwa miongoni mwa watoaji wakubwa wa gawio. Kwa Muislamu, mjadala wa asilimia haufiki huko.

Pili, faida. Kampuni inayopata faida ya shilingi 50 kwa hisa ikagawa 60, ni mkulima anayekula mbegu.

Tatu, mwendo wa gawio. Gawio la shilingi 30 likikua kwa asilimia 10 kila mwaka, baada ya miaka 8 linapita shilingi 64. Dogo linalokua humshinda kubwa linalosimama, sembuse linalopunguzwa.

Gawio kubwa si baya likitokana na faida ya kweli. Ubaya ni kulifanya kuwa sababu pekee ya kununua, tena kwa akiba yote.

Mimi na mzee tulizifungua hesabu za kampuni ile. Ilikuwa imegawa zaidi ya faida yake. Akakunja gazeti. "Kumbe mwanangu, nilikuwa nataka kununua mwaka jana."

Wabillahi tawfiq.