Maporomoko ya Theluji

Katika milima ya Alps, nchi ya Uswisi, theluji hulala tabaka juu ya tabaka, kama mikeka iliyotandikwa. Mara nyingine tabaka la chini huwa chembe zisizoshikamana, mfano wa sukari. La juu huwa gumu, nalo laonekana salama. Hapo ndipo wengi wadanganyikapo. Mtu apitapo katika mteremko mkali, uzito wake hulivunja lile dhaifu, na theluji yote ya juu huporomoka pamoja naye. Akifukiwa zaidi ya robo saa, tumaini la kumtoa hai hupungua upesi. Kwa hiyo wasafiri hubeba mabeleshi. Tangu 1945 wataalamu wa mji wa Davos huwatangazia watu hatari hiyo. Huchimba mashimo thelujini, wakayakagua matabaka yake moja moja.