Kusafisha Sampu ya Injini Nyumbani: Kazi Yako au ya Fundi?

Wakazi wengi wa kata zetu wanamiliki gari dogo au pikipiki ya biashara, na si ajabu mtu kutamani kufanya matengenezo madogo nyumbani ili kupunguza gharama. Nia hiyo ni njema. Hata hivyo, kinachoitwa kwa mkato "kusafisha sampu" ni kazi zaidi ya moja, na asiyezitofautisha huweza kuingia hasara kubwa kuliko ile aliyotaka kuikwepa. Somo hili linalenga kumsaidia mkazi kuamua kabla hajashika spana.

Sampu na kazi yake

Sampu ni bakuli lililofungwa chini ya injini ya gari. Oili hukusanyika humo, pampu huivuta kupitia chujio la wavu na kuisukuma hadi kwenye beringi na sehemu nyingine zinazosuguana, kisha oili hurudi bakulini. Kwa magari madogo, kiasi chake huwa takriban lita 3 hadi 5. Oili isipobadilishwa kwa wakati, au injini ikichemka mara kwa mara, hutokea tope zito jeusi. Tope hilo likiziba wavu, beringi hukosa oili, na injini huweza kuharibika kabisa katika muda mfupi.

Pikipiki nyingi za biashara hazina bakuli la namna hiyo. Oili yake, takriban lita 1, hukaa ndani ya mwili wa injini pamoja na gia na klachi.

Kazi tatu zinazochanganywa

Kazi ya kwanza ni kumwaga oili ya zamani, kubadilisha filta na kutia oili mpya. Hii ndiyo huduma inayozuia tope, na mkazi mwangalifu anaweza kuifanya.

Kazi ya pili ni kufungua sampu yenyewe na kuosha wavu. Katika baadhi ya magari haiwezekani kuishusha bila kunyanyua injini au kufungua vyuma vinavyoishikilia. Wakati wa kurudisha, gundi ya silikoni ikipakwa kwa wingi, vipande vyake hukatikia ndani na kuziba wavu uleule uliosafishwa. Kazi hii ni ya fundi.

Kazi ya tatu ni kutia dizeli au mafuta ya taa ndani ya injini na kuiwasha ili "ijioshe". Njia hii iepukwe. Mafuta hayo hupunguza uzito wa oili wakati injini inazunguka, na tope lililobanduka kwa ghafla huweza kukimbilia kwenye wavu.

Maswali manne ya kujiuliza

1. *Oili inaonyesha nini?* Vuta kijiti cha kupimia na utazame. Weusi peke yake si ugonjwa, kwa kuwa oili inayofanya kazi hubeba uchafu. Lakini ikiwa na rangi ya maziwa, huenda maji yameingia. Ikiwa na chembe za chuma zinazong'aa, huenda kuna sehemu inayolika. Katika hali hizo kusafisha hakuponyi chochote. Chanzo kitafutwe na fundi.

2. *Je, nina mahali na vifaa salama?* Mtu asiingie kamwe chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake. Panahitajika ardhi ngumu na tambarare, vigingi vya magurudumu na stendi imara. Oili iwe vuguvugu, isiwe ya moto wa kuunguza. Glavu zivaliwe, kwani kugusa oili chakavu mara kwa mara kwa miaka mingi kunahusishwa na saratani ya ngozi.

3. *Je, ninajua kiasi cha kukaza?* Sampu nyingi ni za aluminiamu. Boliti ya kumwagia oili ikikazwa kupita kiasi, nyuzi zake hukatika, na kazi ya nusu saa huzaa ununuzi wa sampu nyingine. Washa yake nayo ibadilishwe.

4. *Oili chakavu itakwenda wapi?* Asiye na jibu la swali hili asianze kazi. Oili ikimwagwa uani au mtaroni, mvua huibeba hadi kisimani na mtoni. Mkataba wa Basel wa mwaka 1989 unaiorodhesha miongoni mwa taka zinazopaswa kudhibitiwa. Ihifadhiwe katika chombo chenye kifuniko, mbali na watoto, bila kuchanganywa na maji wala petroli, kisha ipelekwe kwenye gereji inayokusanya oili chakavu. Asiyeifahamu gereji hiyo amuulize Afisa Afya wa kata yake.

Mfano wa uamuzi

Tuchukue mkazi ambaye gari lake huwasha taa nyekundu ya oili linaposimama na injini ikiunguruma taratibu. Jirani anamshauri afungue sampu Jumapili. Hatua ya kwanza ni kuzima injini na kupima oili. Ikiwa imepungua, aongeze oili ya aina inayotakiwa na kutafuta inakovuja au inakoungulia. Ikiwa kiasi kinatosha na taa bado inawaka, asiendelee kuliendesha. Huenda wavu umeziba, pampu imechoka, beringi zimelika au swichi ya taa ni mbovu, na macho hayawezi kuamua. Fundi hupima msukumo wa oili kwa geji. Fedha anayolipwa kwa kipimo hicho ni ndogo mbele ya bei ya injini. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Maswali ya kujipima

- Ni ipi kati ya kazi tatu ambayo mkazi anaweza kuifanya nyumbani, na kwa masharti gani?
- Kwa nini oili yenye rangi ya maziwa haitibiwi kwa kusafisha sampu?
- Chombo chako cha oili chakavu kiko wapi, na kitapelekwa wapi?

Mkazi aliyejibu swali la mwisho bila kusita yuko tayari kuanza kazi ya kwanza. Aliyesita alitafute jibu kwanza, kwa sababu kisima kinachoweza kuchafuka si chake peke yake.