JANGA, KADARI, NA HAKI YA MWENYE KUFIKWA

Kila yanapokuja mafuriko, au upepo ukaezua mapaa, au moto ukala nyumba za makuti, husikika neno moja katika baraza zetu: ni amri ya Mungu. Neno hilo ni kweli, wala hakuna Mwislamu awezaye kulipinga. Lakini kweli hiyo mara nyingi hutumiwa mahali si pake. Mwenye kuisema baada ya kutenda aliloliweza, akasubiri kwa lile lililomshinda, huyo amesema neno la imani. Ama mwenye kuisema na huku mtaro wa mbele ya mlango wake umejaa taka tangu mwaka jana, na jirani yake analala nje usiku wa kumi, huyo ameutafutia uvivu wake fatwa.

Swala hili limerudi mara nyingi katika darsa, khasa baada ya vuli ya mwaka 2023. Kwa hivyo twapenda kulieleza kwa urefu kidogo: lipi lililo juu yetu kabla ya janga, na yule aliyefikwa ana haki gani kwetu baada yake.

Sayyidna Umar (r.a.) alipokuwa safarini kwenda Sham alifika mahali paitwapo Sargh, akapewa khabari kwamba tauni imeingia katika nchi ile. Akataka shauri kwa Muhajirina, kisha kwa Ansari, kisha kwa wazee wa Kikureshi, mwisho akakata shauri kurudi. Abu Ubayda akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu. Jibu lake ni mashuhuri: alisema kuwa aikimbia kadari kuielekea kadari nyingine, akampigia mfano wa mtu aliyeteremka na ngamia wake katika bonde lenye pande mbili, upande mmoja una majani na wa pili ni mkavu. Akilisha huku ni kwa kadari, na akilisha kule ni kwa kadari.

Yatakikana tuuangalie mfano huu vizuri. Umar hakukanusha kadari. Alionyesha kwamba jicho la mchungaji lililoyaona majani, na mguu wake uliokwenda huko, navyo vimo ndani ya kadari hiyo hiyo. Basi mtu akifikiwa na khabari ya khatari kabla ya khatari yenyewe, khabari ile nayo ameandikiwa aipate, na kuipuuza ni kukitupa alichopewa.

Na sisi watu wa pwani twapewa khabari. Jumapili tarehe 26 Disemba 2004, alfajiri kwa saa zetu, ardhi ilitetemeka chini ya bahari karibu na kisiwa cha Sumatra, na mawimbi yakaenea Bahari ya Hindi yote. Waliokufa katika nchi zote walizidi laki mbili. Wengi wa waliokuwa karibu na pale hawakupata hata nafasi ya kukimbia. Lakini mawimbi yale yalichukua muda wa saa saba hivi kufika kaskazini ya Somalia, na kama saa tisa kufika kwetu. Somalia, khasa upande wa Hafun, walikufa watu kama 300. Tanzania walikufa zaidi ya kumi. Kenya alikufa mtu mmoja. Ni kweli kwamba mawimbi yalikuwa yamepungua nguvu kwa mwendo mrefu, na kwetu yalikuta maji yamekupwa. Rehema hiyo hatuikanushi. Lakini pia khabari ilifika, na watu wakaondolewa ufuoni mchana ule, siku ya mapumziko ambapo fuo zilikuwa zimejaa. Wavuvi wa Hafun nao walikuwa na saa zao saba. Walichokosa ni mtu wa kuwapelekea neno.

Mambo ya mto Tana ni kama hayo hayo. Maji yanayoingia katika mashamba ya Garsen na vijiji vya delta huwa yamenyesha mbali sana, katika miteremko ya mlima Kenya na milima ya Aberdare. Yapita katika mabwawa ya umeme, Masinga hata Kiambere, kisha Garissa, kisha huchukua siku kadhaa kuteremka. Mtu aweza kuwa Garsen juani, mbingu ni nyeupe, na mafuriko yake tayari yako njiani. Bwawa la Masinga linapojaa hadi kufurika, khabari hutangazwa. Tena wataalamu wa hali ya hewa wanajua kuwa bahari ikipata joto upande wetu kuliko upande wa Indonesia, mvua za vuli huzidi. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 1961, na 1997, na 2019, na 2023. Joto hilo hupimwa, na onyo huweza kutolewa wiki nyingi kabla ya tone la kwanza. Mwaka 2023 lilitolewa. Hata hivyo walikufa katika Kenya watu zaidi ya mia, na watu wasiohesabika kwa urahisi wakayahama makao yao, wakiwamo ndugu zetu wa Tana na Garissa.

Basi swala la kujiuliza si kama khabari ilikuwapo. Ni kama ilimfikia bibi mzee asiyekuwa na simu, na kama ilipomfikia palikuwapo kijana aliyekwisha kujua kwamba kazi yake ni kumbeba.

Hapa msikiti una kazi ambayo hakuna idara iwezayo kuifanya vizuri kuliko wenyewe. Msikiti una kipaza sauti. Una watu wanaokutana mara tano kwa siku. Wajua nani mgonjwa, kwani hukosekana katika safu. Yapasa kila mtaa uwe na daftari moja, limeandikwa humo wajane, viwete, vipofu, wenye mimba walio karibu kujifungua, na mbele ya kila jina limeandikwa jina la mtu wa kumwendea. Kazi hiyo ni ya jioni mbili tu baina ya Magharibi na Isha. Twashangaa kuona kamati ambazo hukutana miezi mitatu kwa ajili ya rangi ya mlango wa msikiti, na daftari hili hazina.

Ama nyumbani, mambo ni madogo. Vyeti vya kuzaliwa, vitambulisho na hati za shamba vitiwe katika mfuko wa nailoni uliofungwa barabara, vikae pamoja na dawa za mgonjwa na taa. Watoto waambiwe mapema pa kukutania. Wala mtu asivuke maji yaendayo kasi kwa kujitia ushujaa: maji ya magotini humwangusha mtu mzima, na maji ya kimo cha futi mbili huweza kuichukua gari na waliomo.

Jambo ambalo watu hulisahau ni maji ya kunywa. Miji yetu mingi imejengwa juu ya mawe ya matumbawe, na ndani ya mawe hayo kisima na shimo la choo huwa ni majirani. Mvua kubwa ikija, viwili hivyo huchanganyika. Kwa sababu hiyo kipindupindu mara nyingi hufuata mafuriko, na huwaua waliookoka na maji. Maji ya kisima kilichoingiwa na mafuriko yasinywewe mpaka yachemke barabara au yatiwe dawa ya klorini kwa kipimo chake, hata yakionekana meupe. Na mwenye kuharisha apewe maji ya chumvi na sukari tangu mwanzo: lita moja ya maji safi, vijiko vya chai sita vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko cha chumvi. Anyweshwe kidogo kidogo, huku akipelekwa hospitali. Mtoto mdogo hufa kwa kukaukiwa na maji mwilini kabla watu wa nyumbani hawajamaliza kushauriana.

Hayo ni ya kabla, na ya siku zile zenyewe. Yaliyo magumu zaidi ni ya baadaye, na hapo ndipo twaona watu wetu wapungukiwa. Si kwamba ni mabakhili. Siku ya kwanza huleta hata kupita kiasi: nguo kuukuu, mikate, maharagwe. Siku ya ishirini hapana mtu.

Tukitaka kujua kazi hii hufanywaje, mfano wake uko katika mwaka wa 18 wa Hijra (639), uitwao Mwaka wa Ramada. Mvua zilikatika Hijazi, ardhi ikawa kama jivu, na mabedui wakamiminika Madina. Umar aliandika barua kwa magavana wake, na Amr bin al-As akapeleka chakula. Yeye mwenyewe alijizuia samli na nyama, akala mafuta mpaka rangi yake ikabadilika. Watu wengi hulipenda jambo hili na kulisimulia. Lakini sisi twaona la kujifunza zaidi ni lile lisilosimuliwa sana, yaani mpango wake. Aliweka watu pembeni mwa Madina, kila mmoja na upande wake, na jioni hukutana kwake wakampa khabari ya waliyoyaona. Aliamrisha wahesabiwe waliokuja kula. Kisha akaamrisha wahesabiwe wasiokuja: wagonjwa, watoto, na jamaa waliobaki walipo. Mapokezi ya Ibn Saad yataja kuwa usiku mmoja waliokuja walikuwa 7,000, na wasiokuja 40,000. Lau angaliwapa waliofika mbele yake tu, angaliwaacha walio wengi, nao ndio waliokuwa dhaifu zaidi. Na mvua iliponyesha hakuwaambia kwamba msiba umekwisha, kila mtu na ashike njia yake. Aliwawekea watu wa kuwatoa mjini kuwarudisha katika nchi zao, akawapa chakula na wanyama wa kupanda. Tena zaka ya mwaka ule aliiakhirisha, asiwadai watu ambao wanyama wao wamekufa.

Msaada una mpaka gani? Hadithi ya Qabisa bin Mukhariq, iliyomo katika Sahihi Muslim, yatuonyesha. Mtume (s.a.w.) aliwataja watu watatu waliohalalishiwa kuomba, na mmoja wao ni yule aliyefikwa na janga likaiangamiza mali yake; huyo amehalalishiwa mpaka apate cha kuyasimamisha maisha yake. Hakuambiwa mpaka ashibe siku moja. Kwa mvuvi, cha kuyasimamisha maisha ni mashua na nyavu. Kwa mkulima wa delta ni mbegu ya kupanda maji yanaposhuka, maana akikosa msimu ule atangoja mwingine. Kwa fundi cherehani ni cherehani. Mtu wa namna hiyo ukimpa magunia kumi ya unga ukamnyima chombo chake cha kazi, umemfanya mwombaji wa kudumu.

Na mengine huhitaji miaka. Tufani ya Unguja ya Aprili 1872 iling'oa sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi ya kisiwa kile, na Pemba ikaokoka kwa sehemu kubwa. Mkarafuu haukupi kitu mpaka miaka mingi ipite tangu kupandwa. Waliokuwa matajiri wa Unguja wakaingia katika madeni wakingojea miti, na kitovu cha karafuu kikahamia Pemba hata leo. Upepo ule ulikuwa wa siku moja.

Kwa hivyo mlango wa madeni ndio wa kuangaliwa sana. Mujahid, katika kuwafasiri wenye madeni waliotajwa katika aya ya zaka, amewahesabu miongoni mwao mtu ambaye mafuriko yamechukua mali yake, na mtu ambaye moto umeteketeza mali yake. Basi tajiri atoaye zaka yake mwezi wa Ramadhani kwa kugawa shilingi mia mia mlangoni, mia isiyomtoa mtu katika shida yoyote, angezikusanya akamlipia mmoja deni la mashua iliyovunjika, angekuwa karibu zaidi na makusudio ya aya. Na ambaye si Mwislamu, aliyefikwa katika kijiji hicho hicho, ijapokuwa wanavyuoni wengi wameizuia zaka ya faradhi kwake, sadaka haikuzuiwa. Wala kamati isitumie khitilafu ya zaka kuwa sababu ya kumpita mtu mlangoni pake.

Jambo jingine lisilojulikana na wengi: Mtume (s.a.w.) aliamrisha kuondolewa thamani ya matunda yaliyopatwa na janga. Huku kwetu watu hununua maembe na machungwa yangali mtini. Dhoruba ikiyapukutisha kabla ya mnunuzi kuyachuma, wenye mashamba wengi hudai fedha yote, wakisema bei ilikwisha kukatwa. Maulamaa wamekhitilafiana kama amri ile ni ya wajibu au ya kupendekezwa, na kama khasara ndogo imo. Lakini hakuna kati yao aliyesema kuwa kusamehe ni upumbavu, kama tunavyosikia sokoni.

Yamebaki mambo mawili, yote yatia haya. La kwanza ni matanga. Alipouawa Jaafar (r.a.), Mtume (s.a.w.) aliamrisha watu wa nyumba yake wapikiwe chakula, kwa kuwa wameshughulishwa na msiba. Sisi twafanya kinyume: mtu amefiwa na mtoto katika mafuriko, nyumba imeanguka, na bado akopa mchele ili walioingia kumpa pole wale pilau.

La pili ni picha. Mtu ampa mjane mfuko wa unga, kisha amsimamisha, ampiga picha, na usiku huo picha yazunguka katika simu za mji mzima. Mjane yule ana wana na wakwe. Kamati itakayo ushahidi kwa waliochanga na ionyeshe hesabu: fedha ngapi ziliingia, mchele ulinunuliwa kwa nani na kwa bei gani, mashua ngapi zilitengenezwa. Hesabu hiyo ibandikwe ubaoni msikitini baada ya mwezi wa kwanza, kisha baada ya mwezi wa sita, ambapo wengi watakuwa wamesahau na ndipo ulipo wakati wa kwenda tena Tana kuuliza nani amepanda na nani hakupata mbegu.