Maji ya mvua nyumbani: ndoo isiingie, mtu asiingie, moshi usiingie

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama wa nyumba,

Mtu anayeishi mbali hudhani kwamba Mboko hakuna shida ya maji. Si ziwa liko pale pale? Ni kweli, Ziwa Tanganyika liko karibu. Lakini ndani ya ziwa hilo watu huoga, hufua nguo na kuosha vyombo, na mvua ikinyesha uchafu wote wa mlimani hushukia humo. Kolera ilifika kando ya ziwa letu mwaka 1978, na hata leo hurudi mara kwa mara Uvira, Baraka na Kalemie.

Juu ya nyumba yako kuna bati. Maji yanayoanguka juu yake ni yako, wala hakuna mtu wa kuyabeba kichwani kutoka ziwani. Leo tujifunze kuyaweka katika tangi la chini ya ardhi na kuyavuta kwa pampu ya mkono. Ukienda konje utaweza kuanza kazi pamoja na mwashi.

1. Pima kwanza

Mvua ya milimeta 1 juu ya meta 1 ya mraba ya bati huleta lita 1 ya maji. Bati lenye urefu wa meta 8 na upana wa meta 6 lina meta 48 za mraba. Mvua ya milimeta 10 italeta lita 480. Toa sehemu moja ya tano inayopotea. Zinabaki lita 384 hivi.

Sasa hesabu miezi ya kiangazi: Juni, Julai na Agosti, yaani siku 92. Watu 6, kila mmoja lita 5 kwa siku za kunywa na kupika, ni lita 30. Kwa siku 92 ni lita 2,760. Tangi lenye urefu wa meta 2, upana wa meta 1.5 na kina cha meta 1.2 hubeba lita 3,600. Lita 600 za chini tunaziachia matope. Zinabaki lita 3,000, nazo zinatosha. Kufua na kuoga kutatafutiwa maji mengine.

2. Mahali pa kuchimba

Chimba mbali na choo, meta 30 au zaidi, na choo kiwe upande wa chini wa mteremko. Usichimbe karibu na ufuko. Mwaka 2024 maji ya ziwa yalipanda sana yakaingia ndani ya nyumba za Uvira na Baraka. Tangi lililofunikwa na mafuriko si tangi la maji safi tena.

Kuta zipigwe lipu ya simenti vizuri, na kwa siku 7 zimwagiwe maji ili zisipasuke.

3. Njia ya maji

Mifereji ya bati ishuke kidogo kuelekea tiyo ya tangi. Maji ya kwanza baada ya siku nyingi za jua yana vumbi na mavi ya ndege. Hayo yasiingie tangini. Weka tiyo inayoweza kugeuzwa: mvua inapoanza, igeuze nje mpaka maji yawe meupe, kisha irudishe. Kwa bati letu la meta 48, mwaga bidoni mbili za lita 20 kabla ya kurudisha.

Kwenye mdomo wa tangi weka chujio. Tiyo ya kutoa maji yanayozidi na tiyo ya hewa zifungwe wavu mdogo wa chandarua. Bila wavu, mbu atazaa humo, na malaria itakunywea mshahara.

4. Kuweka pampu

Pampu isimame juu ya kifuniko cha simenti, ikazwe kwa bulo zilizozamishwa ndani ya simenti mbichi. Tiyo ya kuvuta ishuke mpaka sentimeta 20 juu ya sakafu ya tangi, isifike chini kabisa, la sivyo itavuta matope. Mwishoni mwake weka klape yenye chujio. Klape ni mlango mdogo unaoruhusu maji kupanda na kuyazuia kushuka.

Viungo vyote vikazwe vizuri. Tundu dogo kama ncha ya sindano linatosha kuingiza hewa, na pampu itapiga kelele bure bila kutoa maji. Ukipiga pampu asubuhi na maji yanachelewa kufika, mambo ni mawili: klape imekwama kwa mchanga, au kiungo kinapitisha hewa.

Pampu ikikauka huhitaji kumiminiwa maji kidogo juu ili ianze kuvuta. Maji hayo yawe yaliyochemshwa. Wengi humimina maji ya ziwa, na kwa kikombe hicho kimoja huchafua tangi zima.

Maji yanayomwagika chini ya pampu yaelekezwe kwenye migomba, yasituame.

5. Sheria tatu za tangi

Ndoo isiingie. Ndoo iliyokaa chini ina uchafu wa miguu na wa mikono. Ndiyo maana tumeweka pampu. Ikiharibika, itengeneze, usifungue kifuniko na kuteka kwa kamba. Maji ya kunywa uyachemshe mpaka yatokote dakika 1 nzima, au uyatie dawa ya klorini kama pakiti inavyosema.

Mtu asiingie. Kifuniko kiwe kizito na chenye kufuli, maana mtoto huzama kimya. Tangi husafishwa mwezi wa Septemba kabla ya mvua, likiwa tupu, kwa ufagio wenye mti mrefu, mtu akiwa nje. Kama ni lazima kuingia, acha kifuniko wazi siku nzima, mtu afungwe kamba kifuani, na watu wawili wabaki nje wakimwangalia.

Moshi usiingie. Hapa, ndugu wa mgodi, tusikilizane vizuri. Kazini unajua kwamba mota ya petroli haiwashwi ndani ya shimo. Lakini nyumbani mtu huazima pampu ya mota ili amalize maji machafu haraka, na kwa kuwa tiyo ni fupi, huiteremsha mota ndani ya tangi. Moshi wake una gesi ya kaboni monoksidi. Haina rangi wala harufu, na huua mtu kabla hajajua kwamba anaumwa. Mota ibaki nje, mbali na mdomo wa tangi na madirisha. Kama tiyo ni fupi, tafuta nyingine.

Wengine hushusha mshumaa, na ukiendelea kuwaka husema hewa ni nzuri. Wanajidanganya. Mshumaa huzimika hewa inapopungua sana, lakini gesi hii huua mtu wakati mshumaa ungali unawaka.

Na kama mwenzako ameanguka ndani, usimfuate. Piga kelele, zima mota, mvute kwa kamba aliyofungwa. Anayeruka ndani kwa huruma huwa maiti ya pili. Ukiwa mgodini ulifundishwa hivyo. Wafundishe na watu wa nyumbani, maana siku hiyo wewe utakuwa kazini.

6. Jiulize

Kwa nini tiyo haifiki sakafuni? Ili isivute matope.

Pampu imekauka, tunamimina maji gani? Yaliyochemshwa.

Mshumaa unawaka tangini, je, tuingie? Hapana. Mshumaa hauonyeshi gesi ya moshi.

Ndugu msomaji, kata ukurasa huu, uubandike ukutani karibu na pampu, na kila jioni mtoto mmoja ausome kwa sauti mpaka wote wazijue zile sheria tatu bila kutazama.