Ruta Moja, Vituo Viwili

Tuchukue mfano wa ofisi ndogo mjini Ngara au Biharamulo: vyumba sita vya matofali ya kuchoma vikiwa mstari mmoja, na ruta ya intaneti imo katika chumba cha kwanza. Karani wa chumba cha sita hapati mtandao. Kila ukuta hupunguza nguvu ya mawimbi ya redio, na kuta nene za majengo ya kale, kama boma la Wajerumani la Biharamulo, huyapunguza zaidi. Kuongeza nguvu ya ruta peke yake hakufai sana, kwani simu nayo lazima ijibu kwa sauti yake hafifu.

Wengine huchomeka ruta ya pili. Hapo ndipo taabu huanza: ruta mbili zikigawa anwani katika mtandao mmoja, kompyuta hupata anwani zinazogongana, au huelekezwa kwenye lango lisilo na njia ya kutokea. Yafaa ruta moja tu igawe anwani, na chumba cha mbali kiwekewe kituo cha mawimbi, ambacho hugeuza tu ishara za waya kuwa mawimbi. Waya huo usizidi mita 100.

Ruta kuukuu yaweza kuwa kituo. Ibadilishwe anwani yake, izimwe kazi ya kugawa anwani, kisha waya uchomekwe katika tundu la kompyuta, si lile la intaneti. Jina na neno la siri viwe vilevile kwa vifaa vyote viwili, lakini chaneli zitofautiane: 1, 6 au 11. Chaneli ya 3, hata ikionekana tupu, huingiliana na 1 na 6 pia.