Somo la Kumi na Mbili: Dawa za Mimea na Ugonjwa wa Sonona

Kila mtu huhuzunika. Lakini huzuni ikidumu majuma mawili au zaidi, mtu akakosa usingizi na hamu ya chakula, yawezekana ana ugonjwa uitwao sonona. Ugonjwa huu hutibika.

Huko Ulaya huota mmea wenye maua ya manjano uitwao Hypericum perforatum. Nchini Ujerumani mmea huu hutengenezewa vidonge vya kutibu sonona isiyo kali. Serikali huvikagua, ili kila kidonge kiwe na kipimo kilekile.

Je, dawa ya mmea haina madhara? La. Ini ndilo huvunjavunja dawa mwilini, na mmea huu hulifanya ini liharakishe kazi hiyo. Mwaka 2000 watafiti wa Marekani waliwapa watu wenye afya mmea huu pamoja na dawa ya kupambana na virusi vya UKIMWI. Kiasi cha dawa hiyo katika damu kilipungua kwa zaidi ya nusu. Kwa mgonjwa, upungufu huo ni hatari.

Tanzania Bara ilitunga sheria ya tiba asili mwaka 2002. Sheria hiyo iliunda Baraza linalosajili waganga na dawa zao.

Kumbuka: Usinywe dawa yoyote bila ya kumwuliza mtu mzima. Mgonjwa amweleze daktari dawa zote anazotumia, hata za miti. Ukiwa na huzuni isiyokwisha, mwambie mzazi au mwalimu.

Maswali
1. Taja dalili mbili za sonona.
2. Kwa nini dawa za mimea hukaguliwa?
3. Eleza kazi ya ini juu ya dawa.