Asili ya Maneno ya Kurani

Jua, ndugu msomaji, ya kuwa wanazuoni walikhitalifiana: je, Kurani ina neno lisilo la Kiarabu? Abu Ubayda alikataa kwa ukali, na Imamu Shafii pia. Wala hawakuwa wajinga, bali waliichunga Aya isemayo kuwa Kurani ni kwa ulimi wa Kiarabu ulio wazi. Wengine wakataja istabraki, yaani hariri nene, kuwa asili yake ni Kiajemi, na mishkati kuwa ni Kihabeshi. Ndipo Abu Ubaydi (naye si yule wa kwanza), aliyekufa mwaka 224 Hijria, akazisadikisha pande zote mbili: maneno hayo yalitoka ugenini, lakini Waarabu waliyatengeneza kwa ndimi zao hata yakawa yao, kisha ndipo Kurani ikateremka. Naye Suyuti, aliyekufa mwaka 911 Hijria, hakuona haya kuyakusanya katika kitabu kizima.